Namba Nne Mfupi: Mwongozo kwa Mchezaji Mgeni Anayetaka Kudumu Chini ya Ringi

Tarehe 16 Februari 2009 timu ya kikapu ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh ilikutana na Connecticut, timu iliyokuwa ikishika nafasi ya kwanza kwa ubora miongoni mwa vyuo vya Marekani. Katikati ya ulinzi wa Connecticut alisimama Mtanzania Hasheem Thabeet, mwenye kimo cha sentimita 221. Aliyepewa kazi ya kupambana naye alikuwa DeJuan Blair, ambaye orodha ya chuo ilimpa sentimita 201 na ambaye bila viatu hakuzifikia hata hizo. Blair alimaliza mechi akiwa na pointi 22 na ribaundi 23, yaani mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa. Thabeet aliambulia pointi 5 na ribaundi 4, na Pittsburgh ikashinda.

Miezi minne baadaye, katika drafti ya NBA, yaani zamu za timu za ligi kuu ya Marekani kuchagua wachezaji wapya, Thabeet alichukuliwa wa pili na Memphis Grizzlies, na Blair akasubiri hadi nafasi ya 37 alipochukuliwa na San Antonio Spurs. Ni haki kueleza kwamba kimo hakikuwa sababu pekee ya kusubiri huko, kwa kuwa magoti yake yote mawili yalikuwa yamefanyiwa upasuaji tangu akiwa sekondari, na madaktari wa timu walikuwa na wasiwasi nayo. Hata hivyo, katika msimu wake wa kwanza Blair alicheza mechi zote 82 kwa wastani wa pointi 7.8 na ribaundi 6.4, na Thabeet akapata wastani wa pointi 3.1 na ribaundi 3.6.

Basi, je, mchezaji mgeni, yaani anayeanza tu katika ligi, aliyepungukiwa na kimo anaweza kufaulu katika nafasi ya namba nne, yule mshambuliaji mwenye nguvu anayecheza karibu na ringi? Anaweza, lakini kwa masharti, na mwongozo huu unahusu masharti hayo. Msimamo wangu ni kwamba deni la ufupi hulipwa kabla mpira haujafika. Mchezaji mrefu anaweza kuchelewa nusu sekunde, akanyoosha mkono na kuokoa jahazi, ilhali mfupi akichelewa nusu sekunde hiyo hiyo hana cha kunyoosha. Karibu kila jambo ninaloeleza hapa chini ni namna fulani ya kuwahi.

Jipime upya kabla hujajiita mfupi

Vua viatu, simama ukiwa umeegemea ukuta, visigino vikigusa ukuta, na mtu mwingine aweke alama juu ya utosi wako. Kisha tandaza mikono yote miwili sambamba na sakafu, upimwe kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Mwisho inua mkono mmoja wima, miguu ikiwa bapa chini, uweke alama ya chaki pale kidole kirefu kinapofika. Kipimo hiki cha tatu, ambacho hapa nitakiita kimo cha mkono, ndicho kinachohusika zaidi na kazi yako, kwa sababu ringi iko sentimita 305 kutoka sakafuni na hakuna anayeigusa kwa utosi. Shingo ndefu humfanya mtu aonekane mrefu kwenye picha ya timu, lakini shingo haidaki ribaundi.

Mfano mzuri ni Draymond Green wa Golden State Warriors, ambaye orodha humpa sentimita 198 tu, lakini mikono yake ikitandazwa inapita sentimita 215, kipimo ambacho kingemtosha mtu mwenye kimo kikubwa zaidi yake. Zingatia pia kwamba namba za zamani za NBA zilikuwa na chumvi, kwa kuwa wachezaji wengi waliandikwa wakiwa na viatu. Ni kuanzia msimu wa 2019–20 ambapo ligi ilizitaka timu zitoe kimo halisi cha mchezaji asiye na viatu. Usikate tamaa, basi, kwa sababu ya namba zilizoandikwa kwenye karatasi ya mpinzani.

Kwa maoni yangu, ikiwa kimo cha mkono wako kinapungua kwa sentimita kumi hivi ukilinganisha na wale unaokabiliana nao kila wiki, maelekezo haya yanakuhusu moja kwa moja. Ikiwa pengo linapita sentimita ishirini, jifunze haya yote, lakini anza pia kujifunza kucheza namba tatu, mshambuliaji anayecheza zaidi pembeni, mbali kidogo na ringi.

Kuna tatizo jingine ambalo ni la kwetu zaidi. Katika mashindano ya shule za sekondari, yakiwemo yale ya UMISSETA, kijana mwenye sentimita 190 mara nyingi ndiye mrefu kuliko wote, hivyo kocha humsimamisha chini ya goli na kumwambia ainue mikono. Anacheza hivyo kwa miaka minne au sita, halafu anaingia katika ligi ya wakubwa au chuo cha nje na kukuta kwamba hata baadhi ya gadi, wachezaji wa nje wanaoongoza mpira, wanamzidi. Kijana huyu ana mzigo wa ziada, kwa sababu mwili wake sasa ni wa mfupi huku mazoea yake yakiwa ya mrefu. Kama ndivyo ulivyolelewa, zoea la kwanza la kuliacha ni kusimama na kungoja mpira ushuke.

Ribaundi

Hapa ndipo mahali ambapo mfupi anaweza kupata riziki yake ya kwanza, na ndipo ninapokushauri utumie muda mwingi kuliko popote. Charles Barkley, ambaye orodha ilimpa sentimita 198 ingawa mwenyewe amekiri kuwa hafiki hapo, aliongoza NBA kwa ribaundi katika msimu wa 1986–87 kwa wastani wa 14.6. Dennis Rodman, mwenye sentimita 201, aliongoza misimu saba mfululizo, kuanzia 1991–92, alipofikisha wastani wa 18.7, hadi 1997–98. Barkley alikuwa mnene na mzito. Rodman alikuwa mwembamba mwenye mapafu ya mkimbiaji. Kwa hiyo hakuna umbo moja la mwili ambalo lazima uwe nalo, ila wote wawili walikuwa wakijua mpira unakwenda wapi kabla ya wengine. Rodman anafahamika kwa tabia yake ya kuwatazama wenzake wakipasha misuli moto, akichunguza jinsi mpira wa kila mmoja unavyozunguka hewani na upande unakoangukia ukikosa.

Anza hapo hapo. Kwa wiki mbili, fika mazoezini mapema na usifanye lolote ila kutazama mitupo inayokosa. Utaona kwamba mpira uliotupwa kutoka kona mara nyingi huangukia upande wa pili wa ringi, kwamba mtupo wa mbali hurudi mbali kuliko mtupo wa karibu, na kwamba kila mwenzako ana kosa lake analolirudia: huyu hupunguza nguvu akichoka, yule hupeleka kulia. Mrefu hana haja ya kujua haya, na ndiyo maana wengi wao hawayajui.

Baada ya macho huja mgongano. Mpira unapotoka kwenye vidole vya mtupaji, acha kuutazama kwa kufumba na kufumbua, mtafute mtu wako, mguse kifuani kwa kigasha, kisha geuka na ukae chini. Makalio yako yawe juu ya mapaja yake, chini ya nyonga zake, kwa sababu mtu anayesukumwa mapajani hapati nafasi ya kukunja magoti, na asiyekunja magoti haruki. Mikono yako iwe wazi pembeni, viwiko vimekunjwa. Ukimshika kwa nyuma mwamuzi atakuona, hasa ukiwa mgeni ambaye jina lake halijui.

Sasa kuna siri ambayo wachezaji wafupi wazoefu huitumia na makocha wachache huieleza. Usijaribu kila mara kumzuia mrefu asikaribie ringi. Mara nyingine ni afadhali umpeleke ndani kupita kiasi. Katika viwanja vya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, kuna nusu duara iliyochorwa chini ya ringi, yenye umbali wa mita 1.25 kutoka usawa wa katikati ya ringi. Ukiweza kumsukuma kwa mgongo wako, au kumwachia njia aingie mwenyewe, mpaka asimame ndani ya nusu duara hiyo, mpira mwingi unaogonga ringi utapita juu ya kichwa chake na kuangukia pale uliposimama wewe, hatua moja na nusu nyuma yake. Urefu wake wote utakuwa umesimama mahali ambapo mpira haushuki.

Katika sheria za FIBA, mpira ukishagusa ringi kwenye mtupo wa kawaida, mchezaji yeyote anaruhusiwa kuugusa hata kama bado uko juu ya ringi, tofauti na NBA ambako lazima utoke kwanza nje ya usawa wake. Kanuni hiyo inampa faida mwenye mkono mrefu, kwa hiyo ukicheza ligi zetu, kumfungia mtu wako nje ni jambo la lazima zaidi kuliko unavyoona kwenye televisheni.

Jambo la nne ni kuruka mara ya pili. Watu wakubwa wengi huruka vizuri mara moja, kisha hutua, huvuta pumzi na kujiandaa upya. Ukitua na kuruka tena papo hapo, utawakuta bado wamekunja magoti. Zoezi lake ni la kawaida: simama upande mmoja wa ubao, rusha mpira ubaoni, uguse kwa vidole vya mkono mmoja ukiwa hewani, tua, uguse tena bila kuudaka, mara kumi kwa mkono wa kulia na kumi kwa wa kushoto, kisha umalize kwa kufunga. Seti tatu kwa siku zinatosha. Mtu mwenye magoti mabovu apunguze idadi na afanyie kwenye sakafu ya mbao, si kwenye saruji.

Ukishaudaka, usiushushe kiunoni, maana gadi wa wapinzani wanaungoja huko. Ulete kidevuni, viwiko nje, kisha utoe pasi haraka. Wes Unseld, aliyecheza senta, yaani mchezaji wa kati wa chini ya ringi, akiwa na sentimita 201 tu, alikusanya wastani wa ribaundi 18.2 katika msimu wake wa kwanza wa 1968–69 akiwa na Baltimore Bullets, na mwaka huo huo akatwaa tuzo ya mchezaji mgeni bora na ya mchezaji bora wa ligi nzima kwa pamoja. Pasi yake ya mikono miwili kutoka juu ya kichwa ilianzisha mashambulizi kabla wapinzani hawajageuka. Na ikiwa huwezi kuudaka, usukume kwa vidole kuelekea kwa mwenzako aliye wazi. Ribaundi hiyo haitaandikwa kwa jina lako, lakini kocha anayejua kazi yake ataiona.

Kumkaba anayekuzidi kichwa

Mtu mrefu aliyepokea mpira hatua moja kutoka kwenye ringi ameshamaliza kazi yake, na hakuna ujanja utakaokuokoa hapo. Kwa hiyo shughuli yote iko kabla ya pasi. Mpokee mapema anapokimbia kutoka nusu ya uwanja, mkate njia kwa kifua, na umlazimishe asimame nje ya eneo la sekunde tatu, yaani lile lililochorwa mbele ya ringi ambamo mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu. Akishasimama, weka mguu mmoja mbele ya mguu wake na kigasha kimoja ubavuni mwake, mkono mwingine ukiwa kwenye njia ya pasi.

Kusimama mbele yake kabisa, yaani kati yake na mpira, ni silaha nzuri, ila ina gharama: pasi ya juu ikipita kichwani kwako, amebaki peke yake na ringi. Usalama wako unategemea mwenzako wa upande wa pili kuja kuifunika. NBA imekuwa na kanuni ya sekunde tatu za ulinzi tangu msimu wa 2001–02, inayomkataza beki kukaa eneo hilo ikiwa hamkabi mtu kwa karibu. FIBA haina kanuni hiyo. Maana yake ni kwamba katika ligi za Afrika Mashariki mwenzako anaweza kusimama nyuma yenu muda wote, na wewe ukawa huru kusimama mbele zaidi ya wachezaji unaowaona Marekani. Ongea naye kabla ya mechi mkubaliane.

Chuck Hayes alicheza senta Houston Rockets kwa miaka kadhaa akiwa na sentimita 198, baada ya kupitwa na timu zote katika drafti ya 2005. Uwezo wake ulikuwa kwenye mapaja yenye nguvu, nyonga zilizokaa chini, na mikono iliyoupiga mpira pindi mrefu alipoushusha. Iga hilo: usiufuate mpira ukiwa juu, kwa kuwa huko huufikii, upige kutoka chini kwenda juu pale anapouteremsha ili aanze kudunda. Mara moja au mbili katika mechi unaweza pia kumvutia kiti, yaani kurudi nyuma ghafla anapokuegemea kwa uzito wake wote, ili apepesuke. Ukifanya mara ya tatu atakuwa ameshakujua.

Usiruke anapokudanganya kwa mabega. Nyoosha mikono wima, acha atupe juu yako, kisha geuka ukapiganie ribaundi. Una faulo tano tu chini ya FIBA, na sita kama uko NBA, na mgeni hukosea mbili za kwanza ndani ya dakika nne kwa sababu ya hamu ya kuzuia mtupo ambao hata asingeufikia.

Faida yako ya kweli katika ulinzi iko nje. Mrefu akiweka skrini, yaani akisimama njiani mwa beki ili kumzuia, na gadi wao akatoka na mpira, wewe unaweza kubadilishana na kumfuata gadi huyo, kazi ambayo namba nne mrefu na mzito huikimbia. Katika fainali za 2015 Golden State walikuwa nyuma 2–1 dhidi ya Cleveland, kocha Steve Kerr akamweka benchi senta wake Andrew Bogut, akampanga Green akabane na watu wakubwa, na timu ikashinda mechi tatu mfululizo. Mwaka 2017 Green akawa beki bora wa ligi.

Mfanye mrefu atoke nyumbani kwake

Narudi kwa Blair, kwa sababu hadithi yake haikuishia pazuri kama ilivyoanza. Hakuwa na mtupo wa mbali. Ligi ilipozidi kupenda namba nne wanaofungua uwanja, na Spurs walipompata Tiago Splitter, ambaye ni mrefu zaidi, dakika zake zilipungua, na mwaka 2013 akaondoka. Beki wa Blair hakuwa na sababu ya kutoka chini ya ringi, hivyo kila shambulizi lilikuwa vita ya kimo, na vita ya kimo mfupi hushindwa taratibu.

Mlinganishe na Paul Millsap, aliyechaguliwa wa 47 mwaka 2006 na Utah Jazz baada ya kuongoza vyuo vyote vya daraja la kwanza kwa ribaundi misimu mitatu mfululizo akiwa Louisiana Tech. Ribaundi ndizo zilizomfungulia mlango, lakini kadiri miaka ilivyokwenda aliongeza mtupo wa pointi tatu, na kati ya 2014 na 2017 akachaguliwa mara nne katika mechi ya nyota wote.

Jifunze mtupo wa kona kwanza. Kwenye uwanja wa FIBA mstari wa pointi tatu uko mita 6.75, lakini pembeni unapungua hadi mita 6.60, na pia hapo hupokei mpira ukiwa katika mwendo, kwa hiyo ni mtupo unaoweza kufundishika. Huhitaji kuwa mpigaji hatari. Unahitaji kumfanya senta wao ajute kukuacha.

Pili, jifunze kutoa pasi kutoka katikati. Unapomwekea gadi wako skrini na mabeki wawili wakamrukia, usikimbilie ringini ambako warefu wanakungoja. Simama karibu na mstari wa mitupo huru, pokea, geuka, na uangalie: mko wanne dhidi ya watatu. Beki wa mwisho akikujia, pasi iende kwa aliye chini ya ringi, akibaki, tupa. Kwa kazi hii Green alifikisha wastani wa pasi 7.4 za kufungisha katika msimu wa 2015–16, kiwango ambacho gadi wengi hawakifiki.

Unapolazimika kumalizia ndani, ingiza bega kifuani mwa beki kwanza ili kumnyima nafasi ya kuruka, au pita chini ya ringi na umalizie upande wa pili, ringi yenyewe ikuzuilie mkono wake.

Msimu wa kwanza

Jiandae kuwa na namba ndogo. Green alichaguliwa wa 35 mwaka 2012, na katika msimu wake wa kwanza alipata wastani wa pointi 2.9 ndani ya dakika 13. P. J. Tucker, mwenye sentimita 196, alicheza mechi 17 tu Toronto Raptors kabla ya kuachwa mwaka 2007, akazunguka Israeli, Ukraini, Ugiriki, Italia, Puerto Rico na Ujerumani, akarudi NBA mwaka 2012 na Phoenix Suns, na mwaka 2021 akatwaa ubingwa na Milwaukee Bucks kwa kukaba watu wakubwa na kungoja mpira konani.

Uzito nao una mipaka. Barkley alipofika Philadelphia mwaka 1984, mkongwe Moses Malone alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba ni mnene mno kucheza, na alipopunguza uzito ndipo dakika zake zilipoongezeka. Nguvu unayoihitaji ni ya mapaja, makalio na mgongo. Kifua kipana hakimsukumi mtu yeyote.

Weka daftari. Baada ya kila mechi, andika mara ngapi mtu wako alipokea mpira ndani ya eneo la sekunde tatu, ribaundi ngapi alizichukua upande wa goli lenu, na mara ngapi beki wako alitoka nje kukufuata. Pointi zako mwenyewe usiziandike kwanza. Baada ya mechi kumi mpelekee kocha daftari hilo. Ikiwa hesabu mbili za kwanza zinashuka, mwombe dakika zaidi. Ikiwa hazishuki licha ya kufanya yote haya, mwombe akujaribu namba tatu kwa dakika tano tano katika kila mechi, na huko pia uendelee kumgusa mtu wako kabla mpira haujagonga ringi.